Wasomaji Wanauliza: Maporomoko ya Maji na Milima ya Kusini mwa India

Kila mwaka, mitihani ya kati inapokaribia kwisha, safu hii hupokea barua kutoka kwa wasomaji wetu wanaosoma au wanaoishi kwa muda katika majimbo ya Karnataka, Tamil Nadu na Kerala, nao karibu wote huuliza jambo moja: namna ya kwenda milimani wakiwa kundi na kurudi wakiwa bado marafiki. Tumechagua barua sita.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanafunzi wapatao ishirini tunaosoma hapa Bengaluru. Mwezi wa Agosti tutakuwa na mapumziko ya siku nne, nasi tumepanga kuona maporomoko ya Jog, Hogenakkal na Athirappilly pamoja na miji ya milimani ya Ooty na Munnar, kwa basi dogo la kukodi. Wenzetu wawili wanasema mpango huu hauwezekani. Wengine wanasema tukiamka mapema tutafika kote. Tunaomba utuamulie.
Katibu wa kikundi, Bengaluru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wale wawili wako sahihi, na ningewashauri muwape kazi ya kupanga ratiba.

Chukueni ramani muiangalie mkiwa Bengaluru. Jog iko takribani kilomita 400 upande wa kaskazini-magharibi. Hogenakkal iko kusini, kama kilomita 150. Ooty iko kusini-magharibi, takribani kilomita 270, na Munnar ni zaidi ya kilomita 450 kusini. Anayetoka Jog kwenda Munnar ana safari ndefu ya kushuka kusini. Tena kilomita za milimani si sawa na za barabara kuu ya Bengaluru na Mysuru. Basi likishaanza kupanda kona kali, kilomita 30 kwa saa ni mwendo mzuri, na dereva anayejisifu kwamba anakwenda zaidi ya hapo msimkodi. Liko pia jambo ambalo wageni wengi hawalijui mpaka wanapofika kizuizini: barabara zinazopita katika hifadhi ya Bandipur, ambazo ndizo njia ya kawaida ya kutoka Mysuru kwenda Ooty na wilaya ya Wayanad huko Kerala, hufungwa kwa magari binafsi na ya kukodi kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi ili wanyama wapite kwa usalama. Amri hiyo ipo tangu 2009. Kikundi kinachotegemea kusafiri usiku ili kuokoa mchana kitalala ndani ya basi mbele ya lango la msitu.

Mwezi mliouchagua nao una yake. Kuanzia mwanzoni mwa Juni pepo za kusi hupiga ukuta wa milima ya Western Ghats unaoambaa na pwani ya magharibi kwa takribani kilomita 1,600, zikapanda, zikapoa na kumwaga mvua upande unaotazama bahari. Ndiyo maana Jog na Athirappilly huwa katika fahari yake kati ya Julai na Septemba, na ndiyo maana wakati huohuo miteremko ya Munnar na Wayanad huwa na hatari ya maporomoko ya udongo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai 2024, udongo na mawe viliteremka juu ya vijiji vya Mundakkai na Chooralmala huko Wayanad watu wakiwa wamelala, na zaidi ya watu 200 walikufa. Kwa sababu hiyo sipendi kikundi cha vijana kilale kwenye miteremko ya Kerala katikati ya mvua kubwa, hata kama picha za msimu huo ndizo zinazopendeza zaidi.

Basi kwa Agosti, nendeni Jog peke yake, na mwende kwa treni. Ipo treni ya usiku inayopitia Bengaluru hadi Talaguppa, kituo cha mwisho, na kutoka hapo hadi kwenye maporomoko ni kama kilomita 16 tu. Mto Sharavathi huanguka hapo mita 253 kwa mikondo minne inayoitwa Raja, Rani, Roarer na Rocket. Mfahamu lakini kwamba juu yake kuna bwawa la Linganamakki, lililokamilika 1964 kwa ajili ya umeme, na maji mengi ya mto huzuiliwa humo. Mwaka ambao mvua imechelewa unaweza kukuta mikondo minne myembamba mahali ulipotarajia ngurumo. Mwaka ambao bwawa limejaa na milango imefunguliwa, mikondo yote minne huungana na kuwa ukuta mmoja. Ulizeni hali ya bwawa kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa vyombo vya habari vya Karnataka huitangaza karibu kila wiki msimu huo.

Laleni usiku mmoja katika mji wa Sagara au karibu na Jog kwenyewe, wala msifike na kuondoka kwa saa mbili. Sababu ni ukungu. Unaweza kusimama kwenye ukingo wa kutazamia, ukasikia mlio wa maji kifuani, na mbele yako usione chochote ila weupe. Watu hukasirika, hupiga picha za weupe huo, wakapanda basi. Kisha upepo hugeuka, pazia hufunguka kwa dakika chache, na aliyebaki ndiye anayeuona mkondo wa Raja ukianguka bila kugusa mwamba. Anayelala karibu hupata nafasi ya jioni na ya asubuhi. Siku ya nne iacheni bila kazi, kwa sababu treni na barabara za milimani wakati wa mvua huchelewa.

Ooty, Munnar na Athirappilly ziwekeni Desemba au Januari, kwa safari mbili tofauti. Hogenakkal ni ya siku mbili za mwisho wa wiki wakati wowote ambao mto Kaveri haujafurika. Pale mtapakiwa katika parisal, mitumbwi ya duara yenye kiunzi cha mianzi kilichosukwa mfano wa ungo mkubwa, ambayo zamani ilivikwa ngozi na siku hizi huvikwa karatasi ngumu ya plastiki. Mpiga kasia mmoja huiongoza kati ya kuta za mawe, na baadhi yao hupenda kuizungusha ili abiria wapige kelele. Jaketi la kuokolea ni la lazima. Mabwawa ya Karnataka yanapoachia maji mengi, serikali ya wilaya husimamisha mitumbwi yote, na hapo hakuna wa kubembelezwa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtunza fedha wa kikundi chetu. Tulikodi basi dogo kwa bei tuliyokubaliana, lakini tuliporudi tulidaiwa fedha nyingi zaidi, na wenzangu sasa wananitazama kwa jicho la mashaka. Je, tuliibiwa?
Mtunza fedha, Mysuru

JIBU: Pole, ndugu yangu. Yawezekana hamkuibiwa, ila mlikubaliana bei ya kitu kimoja mkadhani ni bei ya vyote. Mabasi madogo yanayoitwa tempo traveller, ambayo ndiyo hutumiwa na vikundi vya watu 12 hadi 20 hivi, hukodishwa kwa kilomita, nayo huwa na kiwango cha chini kwa kila siku, kwa kawaida kilomita 250 au 300. Mkikaa siku nzima hotelini Ooty, basi likiwa limeegeshwa, mtalipia kilomita hizo za chini hata kama gurudumu halikuzunguka. Hesabu huanzia kwenye karakana ya mwenye gari na kuishia hukohuko, si mlangoni pa bweni lenu, na siku huhesabiwa kwa kalenda: mkiondoka saa 4 usiku wa Alhamisi, Alhamisi nzima imeshaingia katika hesabu. Juu ya hayo kuna posho ya dereva, inayoitwa bata, ambayo huongezeka akiendesha usiku. Kuna ada za barabara, maegesho, na kodi ya kibali kila gari linapovuka mpaka wa jimbo. Kutoka Karnataka kuingia Tamil Nadu kisha Kerala ni mipaka miwili, na mwenye gari asiyeitaja mwanzoni ataitaja mwishoni.

Safari ijayo mwombe akuandikie haya yote katika karatasi moja kabla hamjampa malipo ya awali, kisha upige picha ya usomaji wa kilomita kwenye dashibodi mnapoondoka na mnaporudi, wenzako wawili wakiwa mashahidi. Fedha za pamoja zilipwe kabla ya safari, na mkubaliane mapema kwamba anayejitoa wiki ya mwisho harudishiwi sehemu yake ya basi, kwa kuwa basi halipungui bei kwa kukosa abiria mmoja. Mambo haya yakisemwa mapema huonekana ya ukali. Yakisemwa baadaye huvunja urafiki.

Angalia pia kibao cha namba. Gari la biashara nchini India hubeba kibao cha njano chenye herufi nyeusi. Lenye kibao cheupe ni gari binafsi, na likikodishwa kwa siri linaweza kuzuiliwa na askari, na bima yake huenda isiwalipe mkipata ajali. Bei yake huwa ndogo kwa sababu hiyohiyo.

SWALI: Shikamoo. Sisi ni akina dada tunaosoma Madurai. Tumealikwa na wenzetu wa Kitamili kwenda kuoga Courtallam mwezi wa Julai. Je, ni salama, na tuvae nini?
Dada wa Madurai

JIBU: Marahaba, wanangu. Nendeni, kwani mmealikwa mahali ambapo maporomoko si kitu cha kutazamwa kwa mbali. Courtallam iko kilomita chache kutoka mji wa Tenkasi, upande wa mashariki wa milima, ambako kwa kawaida msimu wa kusi huwa mkavu. Lakini hapo milima ina upenyo, na manyunyu mepesi hupita hadi upande wa pili pamoja na upepo wa baridi. Msimu wake ni Juni hadi Septemba, na familia nzima za Kitamili huja kwa ajili ya kusimama chini ya maji tu, zikiamini kwamba yamepita katika mitishamba ya msituni na yana tiba. Kuhusu tiba sina la kusema. Kuhusu uzito wa maji ninalo: yakikuangukia mabegani katika yale makuu, Peraruvi, huwezi kusimama wima bila kushika chuma, na masikio hayasikii kingine chochote. Ndiyo maana viko vyuma vya kushikilia, na zipo sehemu za wanawake zilizotengwa na za wanaume. Aintharuvi, ambapo maji hugawanyika mikondo mitano, huwa na nafasi zaidi kwa asiyependa kusukumana.

Vaeni nguo kamili, yaani suruali na shati refu au salwar (suruali pana ya Kihindi), zenye rangi nzito. Hivyo ndivyo wenyeji wanavyooga, na mavazi ya ufukweni yatawaletea macho msiyoyataka. Vueni hereni na mikufu. Viatu viwe vya mpira vinavyofungwa, kwani mawe yana utelezi.

Usalama sasa, na hapa someni polepole. Hatari ya maporomoko haya haitoki kwenye maji mnayoyaona, bali kwenye mvua inayonyesha juu mlimani ambako hamuoni. Tarehe 17 Mei 2024, kabla hata msimu haujaanza, maji yalishuka ghafla katika maporomoko ya Old Courtallam watu wakiwa wanaoga, na kijana wa miaka 17 alichukuliwa akafa. Maji yanapobadilika kuwa na rangi ya udongo, yanapoanza kuleta majani na vijiti, au mlio unapozidi bila sababu, tokeni wakati huohuo. Msirudi kuchukua taulo. Polisi wakipiga filimbi au wakifunga kamba, siku hiyo kuoga kumekwisha. Wapo watakaowaambia kwamba wanajua kona ya juu, nyuma ya msitu, isiyo na polisi. Huko msiende hata mkishikwa mkono.

SWALI: Tunataka kupanda treni ndogo ya Ooty, lakini kila tukijaribu kukata tiketi za watu kumi na wanane tunakuta zimekwisha. Kuna ujanja gani?
Mwanafunzi, Coimbatore

JIBU: Treni hiyo, Nilgiri Mountain Railway, hutoka Mettupalayam, mita 326 juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi mita 2,203 kwa umbali wa kilomita 46. Ilifika Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908, na tangu 2005 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Katika sehemu yenye mwinuko mkali, kati ya Kallar na Coonoor, magurudumu ya kawaida hayatoshi. Katikati ya reli kuna reli nyingine yenye meno, na gurudumu la meno lililo chini ya injini huyashika moja baada ya jingine. Safari nzima ya kupanda huchukua karibu saa tano. Mabehewa ni machache na madogo, na nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, kisha hujaa upesi.

Kwa kundi la watu kumi na wanane, ushauri wangu ni kwamba msahau safari nzima. Pandeni kipande cha Coonoor hadi Ooty, takribani saa moja na robo, ambacho kina treni kadhaa kwa siku na hupatikana kwa urahisi zaidi. Basi lenu liwashushe Coonoor likawasubiri Ooty. Mtakosa reli ya meno na injini ya mvuke, maana kipande cha juu huvutwa na injini ya dizeli, lakini mtapata mahandaki, mashamba ya chai na kituo cha Ketti kwenye bonde lake. Wanaoipenda sana mitambo wagawanyike wanne wanne, wakate tiketi za Mettupalayam kwa siku za katikati ya wiki. Epukeni Oktoba hadi Desemba mwanzoni, kwa kuwa mvua za kaskazi huangusha udongo juu ya reli na safari husimamishwa bila taarifa ya mapema.

Kwa basi lenu, kumbukeni kibali cha mtandaoni. Tangu tarehe 7 Mei 2024, kwa amri ya Mahakama Kuu ya Madras, kila gari la wageni linaloingia wilaya ya Nilgiris, ambamo Ooty imo, au mji wa milimani wa Kodaikanal lazima lijiandikishe mtandaoni kabla ya kufika kizuizini. Chupa za maji za plastiki za kutupwa nazo haziruhusiwi. Kila mmoja abebe chupa ya chuma. Na kama mnakwenda Januari, bebeni sweta za kweli, kwa maana usiku wa Ooty hukaribia nyuzi sifuri.

SWALI: Hoteli moja ndogo ilitukataa saa 4 usiku kwa sababu sisi ni wageni wa nje, ingawa tulikuwa tumelipia. Je, huo si ubaguzi?
Wanafunzi wa Mangaluru

JIBU: Poleni sana. Wakati mwingine ni ubaguzi, lakini mara nyingi ni uzembe wa mwenye hoteli. Nyumba yoyote inayompokea raia wa kigeni inawajibika kujaza fomu ya taarifa za mgeni, iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, na kuiwasilisha kwa mamlaka ya uhamiaji ndani ya saa 24, na nyumba nyingi ndogo za milimani hazijajiandikisha katika mfumo huo, kwa hiyo huona ni nafuu kukataa. Tovuti za kukatia vyumba hazionyeshi jambo hili. Pigeni simu mapema muulize kwa maneno haya haya: je, mnapokea wageni wa nje na mnajaza Fomu C? Mbebe pasipoti halisi, nakala za viza na kibali cha makazi, seti moja kwa kila mtu, katika bahasha moja ya katibu. Kikundi cha watu ishirini kinachotafuta pasipoti kwenye mabegi yaliyofungwa juu ya basi humpa mpokezi sababu nzuri ya kubadili nia.

SWALI: Mama yangu, mwenye miaka 70 na maumivu ya magoti, yuko Kochi nasi kwa matibabu, na daktari amemruhusu kutembea kidogo. Ndugu tuko saba. Tunaweza kumpeleka Athirappilly?
Mwana, Kochi

JIBU: Mnaweza, nami nafurahi kwamba mmemfikiria. Kutoka uwanja wa ndege wa Kochi hadi pale ni takribani kilomita 55, na sehemu kubwa ya barabara ni tambarare, kwa hiyo hata asiyependa kona hatapata kichefuchefu. Ondokeni asubuhi ili mfike lango linapofunguliwa, saa 2, kabla ya umati na kabla ya jua kuwa kali.

Mto Chalakudy huanguka hapo mita 24 hivi, kimo kisichotisha, lakini kwa upana mkubwa. Kutoka langoni kuna njia iliyosakafiwa ya kuelekea juu, ambako mto unaonekana ukija taratibu kati ya miti kabla ya kufika ukingoni. Hiyo Mama ataimudu akipumzika mara kwa mara. Njia ya kushuka hadi chini, ambako manyunyu hulowesha uso, ni ya mawe na mwinuko mkali, nayo haimfai. Gawaneni zamu: wawili wabaki naye, wengine washuke, kisha mbadilishane. Chakula kifungwe ndani ya begi, kwani nyani wa pale hawaombi.

Tiketi yenu msiitupe, maana hiyohiyo huingilia Vazhachal, kilomita 5 mbele. Huko maji hayaanguki bali hukimbia juu ya mawe kwa mteremko mrefu, na bustani yake ni karibu tambarare, yenye mahali pa kukaa kivulini. Katikati ya njia mtapita Charpa, maporomoko madogo yaliyo ubavuni mwa barabara, ambayo wakati wa mvua hurusha manyunyu hadi kwenye vioo vya gari. Mama atayaona bila kushuka. Mbele ya Vazhachal barabara huingia msituni kuelekea Malakkappara na Valparai, ina vizuizi vya idara ya misitu, na ng'ambo ya Valparai huteremka kwa kona 40 zilizowekewa namba. Njia hiyo ni nzuri mno, lakini si ya mgonjwa. Geuzeni gari Vazhachal, mle chakula cha mchana katika mji wa Chalakudy, na kabla ya jioni mtakuwa mmerudi.